Sarafu za Seti Maalum na Vibweta Vyake: Namna ya Kuzitambua

Katika nyumba zetu za Kibondo na Kasulu, linapofunguliwa sanduku la marehemu kwa ajili ya mirathi, chini ya nguo na hati za shamba aghalabu hukutwa sarafu. Mmoja husema ni chuma chakavu, mwingine huapa kuwa ni mamilioni. Wote wawili wanaweza kuwadhulumu warithi, hasa mayatima, kwani hakuna anayejua alichokishika. Makala haya yanahusu zile zilizotengenezwa kwa seti maalum ili zihifadhiwe, si za kwenda nazo dukani.

Tuanze na zetu. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966, na mwaka huo zikatoka sarafu nne: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi 1 yenye mkono ulioshika mwenge. Zilizozunguka sokoni zilikuwa nyingi mno. Lakini mwaka huo huo, kwa picha zile zile, zilitengenezwa seti elfu chache za aina iitwayo prufu kwa ajili ya wakusanyaji. Kwa hiyo kuona 1966 peke yake si ushahidi wa lolote.

Tofauti iko kwenye upigaji. Sarafu ya kawaida hupigwa kwa haraka ikamwagwa pamoja na nyingine. Prufu hupigwa zaidi ya mara moja kwa muhuri uliosuguliwa sana. Sehemu yake isiyo na picha huwa kama kioo, utaona meno yako humo. Herufi zina kona kali na ukingo umesimama wima. Ukikuta inang'aa lakini herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika, ujue mtu ameisugua kwa majivu au dawa ya shaba. Tazama kwa lenzi, utaona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja.

Mwaka 1974 zilitoka sarafu za fedha za kuhimiza hifadhi ya wanyama: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye faru, pamoja na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Hapa macho hayatoshi, mtafuteni sonara mwenye mizani. Shilingi 25 ya kawaida ina uzito wa karibu gramu 25 na nusu yake tu ndiyo fedha. Ya prufu ina gramu 28 na ushei, na fedha ni asilimia 92.5. Shilingi 50 ya kawaida ni karibu gramu 32, prufu ni 35. Picha ni moja, mali ni mbili tofauti. Warithi wawili wakipewa "twiga mmoja mmoja" bila kupima, huenda mmoja amepunjwa.

Sasa kibweta. Kibweta cha asili kina matundu yaliyokatwa kwa kipimo cha kila sarafu. Shilingi 25 ina upana wa karibu milimita 38 na shilingi 50 milimita 42. Ikiwa sarafu inacheza ndani ya tundu, au imelazimishwa kuingia, kuna aliyebadilisha. Kibweta huongeza thamani, lakini hakithibitishi sarafu. Vibweta vitupu navyo huuzwa!

Na madalali wa "sarafu za Mjerumani" je? Sarafu za mwaka 1916 zenye herufi T zilipigwa Tabora, katika karakana ya reli, wakati wa vita, kwa kuwa za kutoka Ujerumani hazikufika. Heller 20 za shaba zilitoka chapuchapu, nyingine zimepinda picha. Hazikutolewa kwa vibweta. Anayekuletea heller ya Tabora ndani ya kibweta cha mahameli "cha serikali ya Mjerumani" anakuuzia kibweta.

Walio na jamaa waliohamia Marekani kutoka kambi za wakimbizi za huku kwetu wanaweza kuletewa seti za huko. Mwaka 1965 hadi 1967, kwa sababu ya uhaba wa sarafu, Wamarekani waliacha prufu wakatoa seti maalum ya sarafu tano, kuanzia senti 1 hadi nusu dola. Mng'aro wake ni wa katikati, umepita wa kawaida lakini haufiki prufu. Ya 1965 ilifungwa katika plastiki laini bapa. Za 1966 na 1967 zimo katika plastiki ngumu ndani ya boksi la karatasi la buluu. Nusu dola yake ina fedha asilimia 40.

Msizioshe, si kwa limao wala kwa mchanga. Zishikeni kwa ukingo, na msizitie katika plastiki laini za kawaida, kwani baadhi hutoa utando wa kijani unaonata. Katika orodha ya mirathi andikeni mwaka, uzito, upana na hali ya kibweta, na kila mrithi aione kabla haijatoka nyumbani kwenda kwa mnunuzi.