NCHI JIRANI: Kodi ya Viwanja na Uchaguzi wa Mahali pa Kuishi

Askari anayeishi katika nyumba za kambi au za kituo cha polisi aghalabu hafikirii kodi ya nyumba. Siku anapovua sare na kupokea kiinua mgongo chake ndipo anapoingia katika jamii ya wenye nyumba. Na kwa kuwa fedha hiyo hutolewa mara moja tu, hana nafasi ya kununua kiwanja kwa makosa kisha akajaribu tena. Katika mazungumzo yetu ya leo tutatazama hali ilivyo kwa jirani zetu wa Kenya, ambako kuvuka mpaka wa kaunti moja kwenda nyingine ni kuingia katika kodi nyingine, kisha tutarejea hapa kwetu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 209, inazipa serikali za kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali isiyohamishika. Kaunti hizo ni 47, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Mji wa Nairobi wenyewe ni kaunti, nao umepakana na Kiambu, Machakos na Kajiado. Watu wengi sana hufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru, Kikuyu, Athi River, Kitengela au Ongata Rongai. Kila kaunti kati ya hizo hupitisha sheria yake ya fedha, na kila moja ina daftari lake la uthamini, yaani orodha ya viwanja pamoja na thamani ya kila kimoja kwa ajili ya kodi.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Husikia asilimia inayotozwa huku na asilimia inayotozwa kule, wakakimbilia iliyo ndogo. Lakini asilimia pekee haina maana yoyote mpaka ijulikane ni asilimia ya nini. Nairobi yenyewe ni ushahidi. Kwa miaka mingi mji huo ulitegemea daftari lililotayarishwa miaka ya mwanzo ya 1980, na kiwango kilipanda hata kufikia asilimia 34 ya thamani iliyoandikwa humo. Baadaye ukahamia katika uthamini wa mwaka 2019, na kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.115. Mtu asiyejua atasema kodi imefutwa. Basi natupige hesabu kwa mfano wa kubuni: kiwanja kilichoandikwa shilingi 20,000 za Kenya katika daftari la zamani kilitozwa 6,800 kwa mwaka. Kiwanja hicho hicho, kikithaminiwa shilingi milioni 8 katika daftari jipya, kitatozwa 9,200. Asilimia imeporomoka, ilhali kodi imepanda.

Jambo la pili ni kwamba katika utaratibu huo wa Nairobi kinachothaminiwa ni ardhi tupu, wala si jengo lililosimama juu yake. Mwenye kibanda cha mabati na mwenye jumba la ghorofa nne, wakiwa na viwanja vya thamani moja katika mtaa mmoja, hutozwa sawa. Wako wanaoona utaratibu huu ni dhuluma. Kwa maoni yetu una hoja yake, kwani humsukuma mwenye kiwanja kukijenga badala ya kukiacha pori akingoja bei ipande. Lakini mstaafu mwenye nyumba ndogo katika mtaa uliopanda thamani ghafla huumia kweli kweli.

Tena, kodi hiyo ya kaunti isichanganywe na kodi ya pango la ardhi, ambayo mwenye hati ya muda hulipa kwa serikali ya taifa. Mwenye ardhi ya kudumu halipi pango, lakini kodi ya kaunti inaweza kumhusu. Sheria ya usajili wa ardhi ilipotungwa mwaka 2012 ilitaka cheti cha kaunti kuthibitisha kwamba hakuna deni la kodi, kabla ya uhamisho wa ardhi kusajiliwa. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu hudai cheti hicho kabla ya kutoa fedha. Anayenunua kipande kilichokatwa katika shamba kubwa, akapewa karatasi ya mauziano tu, anaweza kukuta malimbikizo siku atakapotaka hati yake.

Wala kodi ndogo si lazima iwe makazi ya bei nafuu. Nauli ya kila siku kutoka Kitengela hadi katikati ya Nairobi, na maji yanayonunuliwa kwa magari mahali ambapo bomba halijafika, huweza kumeza tofauti ya kodi ya mwaka mzima katika muda wa wiki chache.

Uganda imefuata njia nyingine. Huko kodi hukadiriwa kutokana na pango ambalo jengo lingeweza kuingiza kwa mwaka, na nyumba ambayo mwenyewe anaishi imesamehewa.

Hapa Tanzania mambo ni mepesi zaidi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa viwango vya mwaka 2023, nyumba ya kawaida hutozwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa mijini hutozwa 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Hivyo, kwa nyumba ya kawaida, anayesita kati ya Kibaha na Ilala hana haja ya kulinganisha kodi ya majengo. Alinganishe pango la ardhi, ambalo hutofautiana kwa mahali, ukubwa na matumizi ya kiwanja. Mwenye kupangisha naye apatane mapema na mpangaji wake, kwa sababu mita humkata anayenunua umeme, ingawa mdaiwa ni mwenye nyumba. Msamaha upo kwa mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Lakini askari wengi hustaafu kabla ya umri huo, na mita haijui umri wa mtu, basi wakati ukifika ni juu yake mwenyewe kwenda kuuomba.