Sindano Mbili kwa Ng'ombe Mmoja

Mkulima mwenzangu, bila shaka umepata kumwona ndama mzuri wa gredi akiacha kunyonya, tezi za chini ya masikio na za mbele ya bega zimevimba, mwili una moto, na pumzi inamwia nzito. Siku chache baadaye povu humtoka puani, naye hufa. Huo ni ugonjwa wa ndigana kali, ambao wengi wetu huuita Isti Kosti. Mara nyingi mkopo wa ng'ombe hubaki, na ng'ombe mwenyewe hayupo.

Chanjo ya ugonjwa huu ipo. Lakini ng'ombe hupigwa sindano mbili kwa wakati mmoja, na wakulima wanaofika mezani kwangu ofisini huniuliza, "Karani, je, ile ya pili haiwezi kungoja mpaka nilipwe pesa za maziwa?" Hapana, haiwezi. Sikiliza sababu yake.

Mwaka 1903 daktari Mjerumani Robert Koch alikwenda Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kwa kuwa ugonjwa huu ulikuwa ukimaliza ng'ombe huko. Alijaribu kuwakinga kwa damu ya ng'ombe waliopona. Njia hiyo haikufaa. Kumbe mdudu anayeambukiza hapatikani katika damu, bali katika mate ya kupe wa kahawia, yule apendaye kukaa masikioni. Basi mtu atakaye kutengeneza chanjo hana budi kuanza na kupe.

Kazi hiyo ilifanywa hapa kwetu, Muguga, karibu na Nairobi. D. E. Radley na wenzake walichapisha habari zake mwaka 1975. Njia yenyewe ni hii. Kupe wachanga hutiwa katika mifuko ya kitambaa iliyogandishwa masikioni mwa ndama mgonjwa. Hunyonya damu, huanguka, kisha hujivua ngozi na kuwa kupe wazima. Halafu huwekwa juu ya sungura kwa siku chache, maana vijidudu haviivi katika tezi za mate mpaka kupe aanze kunyonya tena. Baada ya hapo kupe husagwa, maji yao husafishwa na kutiwa glisarini, kisha hugandishwa katika nitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi wake ni kama ule anaokuja nao mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Vijidudu hulala humo miaka mingi bila kufa.

Umeona sasa? Kilicho ndani ya chanjo hii ni ugonjwa wenyewe, nao u hai. Sindano ya kwanza humwambukiza ng'ombe wako. Sindano ya pili ni dawa ya oksitetrasaiklini ikaayo mwilini siku kadhaa. Dawa hiyo huuzuia ugonjwa usipande, na mwili hupata nafasi ya kumjua adui na kujifunza kumshinda. Ukiacha sindano ya pili, hukuchanja ng'ombe. Umempa ndigana kali kwa pesa zako mwenyewe.

Kwa hiyo shika mambo haya:

Kwanza, mtu wa kuchanja awe daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyefundishwa. Dawa hupimwa kwa uzito wa ng'ombe. Usimwambie apunguze kidogo.

Pili, chanjo ikishayeyushwa haigandishwi tena, nayo hufaa kwa saa chache tu. Mrija mmoja hutosha ng'ombe wengi. Patana na jirani zako mlete ng'ombe siku moja, tena mapema.

Tatu, usilete ng'ombe mgonjwa wala aliyedhoofika. Na baada ya kuchanja, mwangalie kila siku kwa majuma matatu au manne. Akipata homa au akiacha kula, mwite daktari siku ileile.

Nne, usiache josho. Chanjo hii hukinga ndigana kali peke yake. Kupe huleta magonjwa mengine pia. Tena ng'ombe aliyechanjwa aweza kubaki na vijidudu mwilini, na kupe wakavipeleka kwa ng'ombe wa jirani asiyechanja. Na kama shamba lako limepakana na nyati, mweleze daktari kabla ya kuchanja, kwa maana ndigana itokayo kwa nyati yaweza kuishinda kinga hii.

Mkulima mmoja mwenye ndama watano alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akahesabu pesa zake. Zilitosha ndama watatu. Akauliza kama ni vibaya kuchanja watatu kwa sindano zote mbili, na wawili wangoje mwezi ujao huku akiwaogesha bila kukosa. Nilimjibu kwamba si vibaya hata kidogo. Heri watatu waliokingwa sawasawa kuliko watano walioambukizwa.