Seva Inajuaje Kuwa Ni Wewe?

Mtu akishaandika nywila yake na ukurasa wa akaunti ukafunguka, hudhani kwamba sasa mfumo unamjua, na kwamba utaendelea kumjua mpaka atakapobofya kitufe cha kutoka. Sivyo. Seva, ile kompyuta iliyo upande wa pili, haikumbuki iliongea na nani sekunde moja iliyopita. Itifaki ya HTTP, ambayo Tim Berners-Lee aliibuni kule CERN, Uswisi, ilikusudiwa kuwawezesha wanasayansi kusomeana maandishi: kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, na mambo yanaishia hapo. Ombi linalofuata linapokelewa kama limetoka kwa mgeni. Kwa msomaji wa makala za fizikia hilo halikuwa na ubaya wowote. Kwa benki, chuo au hospitali, ni jambo zito, maana mtu yuleyule hutuma maombi mengi kwa dakika chache, na kila moja lazima lijulikane ni la nani. Tumezoeshwa kuhofia nywila peke yake: iwe ndefu, isirudiwe, asiambiwe mtu. Mimi nasema hatari kubwa zaidi inaanza baada ya nywila kukubaliwa, pale seva inapoacha kumtambua mtumiaji kwa kumbukumbu zake yenyewe na kuanza kusadiki kile ambacho mtumiaji anajitajia.

Njia inayotumika mpaka leo ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, nayo ni ile inayoitwa kidakuzi. Seva inakagua nywila mara moja tu. Ikiridhika, inaandika kwenye kanzidata yake kwamba kuna kipindi kimefunguliwa na mtumiaji fulani, kisha inakipa kivinjari msururu mrefu wa herufi na tarakimu ambao hakuna anayeweza kuubashiri. Kuanzia hapo, kila unapobofya, kivinjari kinautuma msururu huo pamoja na ombi lako, na seva inaufungulia kumbukumbu kuona ni wa nani. Ni kama ofisi ya vifurushi kwenye stendi ya mabasi. Karani hakukariri sura yako. Amekupa kipande cha karatasi chenye namba, na maelezo yote ya mzigo yamebaki kwenye daftari lake. Ukija na kipande, anafungua daftari. Huwezi kuandika kwenye kipande kwamba mzigo wako ni televisheni wakati daftari linasema ni gunia la mchele. Lakini pia, yeyote atakayekiokota kipande hicho ataondoka na mzigo.

Hilo la kuokotwa ndilo lililowashtua watu Oktoba 2010, Eric Butler, mtengenezaji programu wa Marekani, alipotoa nyongeza ya kivinjari cha Firefox aliyoiita Firesheep. Aliyekaa mgahawani kwenye Wi-Fi ya wazi aliweza kuona majina na picha za watu waliokuwa karibu naye wakitumia Facebook au Twitter, akabofya jina la mmoja, na papo hapo akawa ndani ya akaunti ya mtu yule. Hakuna nywila iliyoibwa. Tovuti nyingi wakati huo zilificha mawasiliano kwa usimbaji kwenye ukurasa wa kuingilia tu, kisha zikaacha vidakuzi vipite hewani bila kufichwa kwenye kurasa zote zilizofuata. Butler alisema wazi kwamba alitaka kampuni zilazimike kulinda kipindi kizima, na Januari 2011 Facebook ikaanza kuwapa watumiaji wake uwezo wa kutumia usimbaji huo kila wakati. Leo tovuti nyingi zinausimba mkondo mzima, na mwizi amehamia kwingine: anakutumia faili lenye programu hasidi inayonyakua vidakuzi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yako. Akivipata, ule ujumbe wenye namba ya siri unaotumwa kwenye simu mara nyingi haumzuii tena, kwa kuwa hatua hiyo wewe ulikwisha kuipita.

Kuna kosa baya zaidi ya wizi huo, kwa sababu linafanywa na watengenezaji wenyewe, wala mhalifu hahitaji kuiba chochote. Chukua mfumo wowote wa chuo wa kutazama matokeo. Mwanafunzi anaingia, anabofya, na juu ya ukurasa anaona anwani inayoishia na maneno «matokeo?mwanafunzi=4172». Mtengenezaji ana njia mbili za kuiandika programu hiyo. Ya kwanza, seva inaisoma ile 4172, inakwenda kwenye kanzidata, inarudi na matokeo ya 4172. Ya pili, seva inaipuuza kabisa namba iliyo kwenye anwani. Inaangalia kidakuzi, inapata kipindi, inajua aliyeingia ni nani, na inatafuta matokeo ya huyo tu. Kwa mtumiaji mwaminifu njia zote mbili zinaonyesha ukurasa uleule. Siku ya majaribio hakuna atakayeona tofauti. Ila katika njia ya kwanza, ukifuta 2 ukaandika 3, unasoma matokeo ya mwenzako.

Hayo yaliipata Citigroup, mojawapo ya benki kubwa za Marekani, mwaka 2011. Kwa mujibu wa taarifa za magazeti ya wakati huo, wahalifu waliingia kwenye tovuti ya wateja wa kadi kwa njia ya kawaida, kisha wakawa wanabadilisha namba za akaunti zilizomo kwenye anwani ya ukurasa, wakisaidiwa na programu iliyorudia jambo hilo maelfu kwa maelfu ya mara. Akaunti zaidi ya 360,000 ziliguswa. Mei 2019 mwandishi Brian Krebs alifichua jambo linalofanana na hilo kwenye kampuni ya bima ya hati za nyumba ya First American: nyaraka zipatazo milioni 885, zikiwemo namba za akaunti za benki na kumbukumbu za mikopo, ziliweza kufunguliwa kwa kubadilisha tarakimu kwenye kiungo, bila hata kuombwa kuingia. Nywila ngumu za wateja hazingesaidia chochote katika visa hivi viwili. OWASP, shirika linaloorodhesha udhaifu mkuu wa programu za mtandao, liliuweka uzembe wa kudhibiti nani aone nini katika nafasi ya tano mwaka 2017. Orodha ya 2021 ikaupandisha hadi nafasi ya kwanza.

Isidhaniwe kwamba haya ni makosa ya wanaoanza kazi. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wavamizi walikuwa wametumia kasoro iliyokuwemo kwenye sehemu iitwayo «View As», inayomwezesha mtu kuuona ukurasa wake kama unavyoonekana na mwingine. Ndani yake kilijitokeza kisanduku cha kupakia video ambacho hakikupaswa kuwepo, na kisanduku hicho kilitoa tokeni ya kuingilia, yaani msururu unaomtambulisha mtumiaji kama kidakuzi kinavyofanya. Tokeni ile haikuwa ya mtu aliyekuwa akitazama. Ilikuwa ya yule aliyechaguliwa kuwa mtazamaji wa kufikirika! Seva ilichanganya anayeomba na anayetajwa katika ombi, na kwa kosa hilo tokeni za watu wapatao milioni 30 zikaibwa. Kampuni iliwatoa kwa lazima watumiaji takriban milioni 90 ili waingie upya. Swali lililoshindwa kujibiwa hapo ni moja, na linaonekana jepesi: ombi hili ni la nani?

Wapo wenye pingamizi, na baadhi yao ni watu wanaoijua kazi. Wanasema kuiuliza kanzidata katika kila ombi kunaichosha seva, na kwamba ni nafuu kumpa mtumiaji tokeni iliyotiwa saini ya kihisabati, yenye jina lake ndani, ambayo seva inaihakiki bila kufungua daftari lolote. Ni kweli kwamba saini inamzuia mtu kubadili jina, na kwa mifumo mikubwa sana njia hiyo ina faida yake. Lakini tokeni ya namna hiyo ni vigumu kuifuta kabla muda wake haujaisha. Mfanyakazi amefukuzwa saa nne asubuhi, simu imeibwa sokoni, na tokeni bado inakubaliwa mpaka jioni, isipokuwa seva iwe na orodha ya tokeni zilizofutwa, na hapo tumekwisha rudi kwenye kanzidata tuliyotaka kuikwepa. Kwa mfumo wa ushirika wa akiba na mikopo wenye wanachama elfu chache, gharama ya kuuliza kila mara haionekani hata kwenye ankara ya umeme.

Wengine wanajibu kwamba inatosha kuondoa namba zinazofuatana, badala yake kuweka msururu usiobashirika kwenye kila hati. Ni kinga ya ziada, na ni nzuri, ila haijibu swali la nani ana haki. Kiungo kikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp, au kikibaki kwenye historia ya kompyuta ya intaneti kafe, msururu ule si siri tena. Na wale wanaosema wananchi wa kawaida hawajui kubadilisha anwani, watazame tena kisa cha Citigroup: kazi hiyo ilifanywa na programu, na mhalifu mmoja anatosha kwa nchi nzima.

Huku kwetu jambo hili linazidi kuwa na uzito kila taasisi inapohamishia huduma zake mtandaoni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule, waganga wakuu na viongozi wa vyama vya ushirika mnaoagiza mifumo: kabla ya kuipokea, fungueni akaunti mbili za majaribio. Ingieni kwa ya kwanza, fungueni risiti au cheti chake, kisha badilisheni namba iliyo kwenye anwani iwe ya akaunti ya pili. Halafu nakilini anwani ya ukurasa wa ndani, bofyeni kitufe cha kutoka, muibandike tena. Zoezi hili halimalizi ukaguzi wote, lakini linachukua dakika kumi na halihitaji mtaalamu. Mkiona hata mara moja taarifa ambazo hamkupaswa kuziona, msitie saini ya kupokea mfumo huo.