Mlinzi Naye Anahitaji wa Kumwangalia

Kazi ya mlinzi wa mlangoni ina tabia moja ya hatari: akiizembea, siku nyingi hakuna kinachoharibika. Begi likipita bila kukaguliwa, mwenye nalo humaliza shida zake na kwenda zake, na daftari la zamu huandikwa kuwa hali ilikuwa shwari. Kwa hiyo utulivu wa jengo la serikali hautuambii kama linalindwa vizuri. Anayeweza kulijua hilo ni msimamizi aliye pale pale lindoni, anayeielewa kazi na mwenye mamlaka ya kuirekebisha papo hapo.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Marekani, ambako idara inayolinda takriban majengo 9,000 ya serikali kuu hutegemea maelfu ya walinzi wa kampuni binafsi. Mwaka 2009, wachunguzi wa ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo waliingia kwa siri katika majengo 10 yenye ulinzi mkali wakiwa wamebeba vifaa vya kuundia bomu, na kote walipita. Uchunguzi huo huo ulieleza kwamba ukaguzi wa malindo ulifanyika zaidi saa za kazi, tena katika miji yenye ofisi za idara. Malindo ya mbali, na zamu za usiku na za mwisho wa wiki, hayakufikiwa mara nyingi. Mwaka 2011 huko Detroit, mlinzi aliokota begi nje ya jengo la serikali na kuliingiza ndani. Lilikaa humo siku 21 kabla ya kugundulika kuwa lina bomu. Na majaribio 27 ya siri yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa walinzi walishindwa kunasa vitu vilivyokatazwa, kama rungu na dawa ya pilipili ya kupuliza, katika karibu nusu ya majaribio hayo.

Wapo watakaosema dawa yake ni mafunzo. Mafunzo ni ya lazima, lakini alichofundishwa mtu darasani huchakaa kwa mazoea ya lindo, na picha za eksirei humchosha anayezitazama saa nyingi mfululizo. Msimamizi humpumzisha, humkumbusha na kumjaribu. Zaidi ya hapo, mlinzi anayetilia shaka kitu anahitaji mtu wa kumwuliza na atakayemsikia. Katika shambulio la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 1998, mlinzi alikataa kufungua geti, kama ilivyompasa, akajaribu kuwaita askari wa ndani kwa redio na simu, asiwapate. Wengine hutegemea kamera na mifumo ya kielektroniki ya mahudhurio. Hiyo huonyesha kwamba mlinzi yupo lindoni. Kama anakagua mabegi au anayatazama tu yakipita, haisemi.

Hoja nzito zaidi ni mbili: gharama, na ukweli kwamba msimamizi mara nyingi hulipwa na kampuni ile ile. Kumwachia yeye peke yake kazi ya kuripoti makosa ya mwajiri wake ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Ndiyo maana usimamizi unahitaji ngazi mbili: msimamizi wa kampuni katika kila zamu, na mkaguzi wa serikali anayekuja kwa kushtukiza na kufanya majaribio ya siri. Kuhusu gharama, ofisi ndogo zilizo jirani zinaweza kugawana msimamizi mmoja wa kuzunguka, huku majengo makubwa yakiwa na wake. Kumwondoa msimamizi ili bei ya zabuni ishuke ni kununua idadi ya walinzi bila kununua ulinzi. Hilo linazihusu pia ofisi za umma za Afrika Mashariki zinazokodi kampuni binafsi: kabla ya kusaini mkataba, afisa manunuzi aulize ni nani atakayekagua lindo saa tisa usiku, na ripoti yake itamfikia nani.