Mgonjwa Aliye Gerezani

Leo nazungumza na wewe uliye na mtu gerezani. Najua wengi huona haya kulitaja jambo hili hata kwa jirani. Lakini mfungwa naye huugua, na pengine wewe ndiwe uliyekuwa ukimpeleka kliniki.

Gereza ni mahali pa hatari panapozuka ugonjwa wa kuambukiza. Watu hulala wakibanana, hewa ni kidogo, choo ni cha wengi. Ndiyo sababu kifua kikuu huenea upesi humo. Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, ziara za kuona wafungwa zilisimamishwa, na akina mama wakabaki nje bila kujua watoto wao wana hali gani. Aprili mwaka huo ilitangazwa kwamba wafungwa zaidi ya 4,000 wa makosa madogo, wenye vifungo vifupi au waliobakisha miezi michache, wameachiliwa ili kupunguza msongamano.

Hao walitoka kwa sababu ya ufupi wa kifungo, si ugonjwa. Mwenye kifungo kirefu alilazimika kuomba mwenyewe. Mwenye pumu, mwenye kisukari, mwenye presha, kila mmoja alisema korona ikimpata haitamwacha. Je, walisikilizwa? Mara nyingi hofu peke yake haikutosha. Jaji hutaka kujua: ugonjwa umethibitishwa na nani? Hauwezi kutibiwa akiwa gerezani? Kosa lilikuwa gani, na amebakisha muda gani?

Mama, jibu la swali la kwanza huenda liko sandukuni mwako. Kadi ya kliniki, majibu ya maabara, karatasi ya kutoka hospitalini: usizitupe! Toa nakala upeleke gerezani, uombe zifikishwe kwa mhudumu wa afya wa humo. Zitamsaidia mgonjwa kuendelea na dawa zake, hata kama ombi litakataliwa.

Aliyehukumiwa na hakimu anaweza kuiomba Mahakama Kuu ipitie upya kifungo chake. Pia, kwa Ibara ya 133 ya Katiba ya 2010, mtu yeyote anaweza kumwandikia Rais kuomba msamaha, na kamati maalum humshauri. Wewe mwenyewe waweza kuandika. Usimpe pesa mtu anayekuambia anamjua jaji.

Siku ya kwenda kumwona, ukiwa na homa au kikohozi, ahirisha. Najua nauli ni ghali na siku ulizingojea sana, lakini utakachopeleka humo kitawafikia wengi.

Na kama aliyefungwa ni mama mwenye mtoto wa chini ya miaka minne, mtoto huyo anaweza kukaa naye gerezani. Basi peleka na kadi yake ya chanjo, ili chanjo zilizobaki zisimpite.