Kubadilisha Mazabodi Bila ya Kupoteza Windows



Ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi, umeungua. Fundi ameweka mwingine, diski ni ileile, lakini Windows inakataa kuwaka. Fundi anasema, "Tufute kila kitu tuanze upya," ilhali ndani ya diski hiyo mna hesabu za duka, kazi za shule na picha za wazee waliokwisha kututangulia. Je, ni lazima kufuta? Mara nyingi si lazima.

Sababu yake ni nini?

Windows haizungumzi na vifaa moja kwa moja. Baina yao mna programu ndogo ziitwazo draiva. Windows inapoanza kuwaka, huhitaji draiva ya chipu inayosoma diski, na chipu hiyo imo katika mazabodi. Mazabodi mpya ikiwa na chipu tofauti, Windows huwa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa, na yeye ameshika ufunguo wa zamani. Hapo hutokea skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, au maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Maana yake ni kuwa mfumo umeshindwa kuifikia diski. Si lazima iwe diski imekufa.

Mambo ya kufanya kabla

1. Weka nakala ya mafaili yako. Kama mazabodi imeshakufa, itoe diski, iunganishe na kompyuta nyingine, unakili kwanza.

2. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wake wa akiba wenye tarakimu 48. Mazabodi ikibadilika, kompyuta itaudai. Bila ya huo, mafaili hayafunguki hata kwa fundi hodari.

3. Ikiwa kompyuta bado inawaka, ingia katika BIOS uandike mpangilio wa diski: ni AHCI, RAID au IDE? Na inawaka kwa UEFI au kwa mtindo wa zamani?

4. Kwa Windows 10 na 11, iunganishe leseni na akaunti yako ya Microsoft. Jambo hili limewezekana tangu mwaka 2016.

Mambo ya kufanya baada

Weka mpangilio wa BIOS ufanane na ule wa zamani. Hatua hii peke yake huponya kompyuta nyingi. Kisha iwashe na usubiri. Windows 10 na 11 aghalabu hutambua vifaa vipya zenyewe, na huenda zikajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Ikishindikana, jaribu kuwasha kwa hali ya usalama, yaani Safe Mode. Ikifunguka, weka draiva za mazabodi mpya, kuanzia ile ya mtandao.

Ama Windows XP, hiyo hutaka kutengenezwa kwa CD yake: bonyeza Enter mwanzo, kubali masharti kwa F8, kisha bonyeza R. Mafaili hubaki. Lakini XP iliacha kuhudumiwa mwaka 2014, basi usiiunganishe na intaneti.

Wanaotumia Linux wana nafuu, kwani draiva nyingi zimo ndani ya mfumo wenyewe, na mara nyingi huwaka bila ya matatizo.

Suala la leseni

Windows huitambua kompyuta kwa vifaa vyake, hasa mazabodi. Kwa hiyo baada ya kubadilisha inaweza kudai kuthibitishwa tena. Ingia katika Settings, sehemu ya Activation, fungua Troubleshoot, uchague kwamba umebadilisha kifaa. Leseni iliyonunuliwa peke yake dukani huweza kuhamishwa. Ile iliyokuja na kompyuta kwa kawaida hufungamana na mazabodi yake ya mwanzo. Hapo tununue nyingine, au tutumie Linux ambayo ni bure, kuliko kutafuta programu za kuvunja leseni. Hizo ni haki za watu, na aghalabu ndani yake mna virusi.

Basi, ndugu zangu, fundi akisema "tufute", muulizeni kwanza: nakala ya mafaili iko wapi? Kuweka Windows upya ni kazi ya saa chache, lakini picha ya babu ikishafutika, huenda isirudi tena.