Alama ya Kompyuta na Kifua cha Mzee

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba programu za akili unde zinaweza kutumika badala ya daktari kusoma picha za eksirei za kifua, katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Hiyo ilikuwa faraja kwa vituo vyenye mashine ya eksirei lakini visivyo na bingwa wa kusoma picha. Programu huitazama picha na kutoa alama. Baadhi hutumia kipimo cha 0 hadi 100. Alama ikivuka kiwango kilichowekwa na kituo, mgonjwa hupelekwa kupimwa makohozi.

Pendekezo hilo halikuweka ukomo wa juu wa umri, na hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, kwa watu zaidi ya 23,000. Programu tano zililinganishwa na madaktari waliosoma picha zilezile. Zote tano ziliwashinda madaktari hao. Lakini zote tano zilishuka ubora kwa watu waliovuka miaka 60, na kwa wale waliowahi kuugua kifua kikuu.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika picha ya kifua cha mzee. Mna kovu la ugonjwa uliotibiwa miaka 30 iliyopita. Mna moyo uliopanuka, pengine na maji kidogo chini ya pafu. Kwa aliyechimba madini ujanani, kama wazee wengi wa Mererani, mna alama za vumbi la mawe. Vivuli hivyo vyaweza kupandisha alama bila ugonjwa mpya kuwapo. Kwa upande mwingine, kifua kikuu cha uzeeni mara nyingine hujificha sehemu za chini za mapafu na kufanana na nimonia ya kawaida.

Dalili nazo hazisaidii sana. Homa, jasho la usiku na kukohoa damu huonekana kwa uchache miongoni mwa wazee; mzee hudhoofika, hukosa hamu ya kula, na jamaa zake husema, "Ni uzee tu." Kauli hiyo imechelewesha matibabu ya wengi kuliko kompyuta yoyote.

Kwa hiyo mhudumu anayepokea alama ya mzee hana budi kuuliza mambo ambayo programu inayosoma picha pekee haiyaoni: Je, aliwahi kutibiwa kifua kikuu, na lini? Alifanya kazi gani? Ipo picha ya zamani ya kulinganisha? Alama ya juu pekee haithibitishi ugonjwa. Kipimo cha makohozi ndicho huthibitisha, ingawa wazee wengi hupata shida kuyatoa na huhitaji subira na maelekezo. Alama ya chini nayo isimrudishe nyumbani bila kupimwa mzee anayeendelea kukohoa au kupungua uzito.

Wazee na wanaowauguza wana sehemu yao: picha ya zamani na kadi ya matibabu ya awali visitupwe. Viletwe kliniki, hata kama vimechakaa.